CPU ya mtumba kuwa prosesa ya sinema sebuleni: hesabu ni rahisi, shughuli ipo kwenye matundu

Ukifungua resiva ya homu thieta, ile nzito yenye matundu kibao nyuma, ndani unakuta vitu viwili ambavyo kikazi wala havihusiani. Upande mmoja kuna ampu, yani transfoma, hitisinki na transista za kusukuma spika, upande mwingine kuna bodi ndogo ya saketi yenye chipu ambayo kazi yake ni kuzidisha na kujumlisha namba kuanzia unapowasha mpaka unapozima. Hiyo bodi ndo prosesa. Na hesabu haijali inafanyiwa wapi, iwe kwenye resiva ya bei ya pikipiki au kwenye CPU ya ofisini iliyotupwa stoo kisa Windows 11 imeikataa.

Huku Mtwara CPU za hivyo hazikosekani, ofisi ikibadilisha mashine au stesheneri ikifungwa zinaishia kwa mafundi pale mjini, na zingine zinashushwa na mabasi kutoka Kariakoo. Mjomba mmoja mwenye banda la kuonyesha video Mikindani aliiangalia mashine kama hiyo ikiwa imefungwa kwenye spika sita akasema, "We mpwa, hii si ndo ile iliyokuwa inachapa barua?" Nikamwambia ndo hiyo hiyo mjomba. Akakaa kimya kidogo afu akauliza swali ambalo kila mtu anauliza: sasa king'amuzi nachomeka wapi?

Na hapo ndo penyewe. Watu wengi wakianza hii kazi wanahangaika na nguvu ya mashine, prosesa ya ngapi, ramu ngapi, wakati hiyo ndo sehemu isiyo na shida kabisa. Shida ni sauti inaingiaje kwenye kompyuta na inatokaje. Ukielewa hayo matundu, vingine vyote ni kutaipu na kusubiri.

Kwanza tuone hesabu zenyewe ili uamini. Muvi yenye sauti ya 5.1 ina chaneli sita: kushoto, kulia, katikati ambako ndo maongezi yanakaa, mbili za pembeni au nyuma, na moja ya besi ya milipuko ambayo inahesabiwa kama "nukta moja" kwa sababu inabeba masafa ya chini peke yake, mpaka Hz 120 hivi. Kwenye DVD hizo chaneli zimebanwa kwa Dolby Digital, mara nyingi kilobiti 448 kwa sekunde, kwahiyo kazi ya kwanza ya prosesa ni kuzifungua zirudi kuwa namba za kawaida, namba 48,000 kwa kila chaneli kila sekunde. Kazi ya pili ni kuamua besi iende kwenye spika gani. Ya tatu ni kuchelewesha spika zilizo karibu ili sauti zote zifike sikioni pamoja, ya nne ni kusawazisha ukali wa kila spika, na ya tano ni kurekebisha sauti kulingana na chumba. Basi, hakuna kazi nyingine ya siri humo ndani.

Tuseme umeamua kutumia filta, yani hesabu ya kupandisha au kushusha masafa fulani, iliyo kali sana, yenye pointi 65,536 kwa kila chaneli. Ukizidisha kibubu bubu, namba kwa namba, ni kama mazidisho bilioni 19 kila sekunde kwa chaneli sita, ambayo inatisha, ila hakuna programu inayofanya hivyo. Zote zinatumia ujanja wa hesabu za Fourier kufanya kwa mafungu, kazi inashuka mpaka Core i3 ya 2011 inabaki inapiga miayo. Ramu ya GB 4 inatosha. Hela yako usiiweke huku.

Sasa mlango wa kuingilia. Tundu la HDMI lililopo nyuma ya kompyuta yako ni la kutolea, halipokei kitu, hata ukichomeka waya wa king'amuzi usiku kucha haitatokea kitu. Kuna vile vidude vya kukamata picha ya HDMI kupitia USB, vya bei rahisi vipo, lakini vingi vinakupa sauti ya sterio tu, na juu ya hapo vifaa vingi vinafunga mawasiliano ya HDMI kwa kufuli inaitwa HDCP ambayo iliwekwa makusudi ili mtu kama wewe usiweze kuingiza kompyuta katikati. Watengenezaji wa resiva wana leseni ya kufungua hiyo kufuli, wewe huna, na ndo maana halisi resiva bado zinauzwa.

Jibu langu ni la kikatili kidogo: acha kuingiza. Muvi ichezwe kwenye hiyo hiyo kompyuta. Fleshi au hadidiski ichomekwe hapo, programu ya kuchezea muvi kama Kodi, VLC au mpv ifungue faili, sauti ifunguliwe humo humo ndani, ifanyiwe hesabu humo humo, itoke. Ukikubali hilo nusu ya matatizo ya mradi huu yanayeyuka, hakuna HDMI ya kuingia, hakuna kufuli, hakuna kufukuzana kati ya picha na sauti kwa sababu anayecheza vyote ni kompyuta moja. Programu za bure zinafungua Dolby Digital, DTS na hata zile za Blu-ray zisizopoteza ubora, na hataza za Dolby Digital ya kawaida ziliisha muda wake mwaka 2017. Kinachobaki nje ni Dolby Atmos kamili, ile ya spika za darini. Programu hizi za kawaida zitafungua chaneli za chini, 5.1 au 7.1, na zile sauti zinazoelea juu zitakuja zikiwa zimechanganywa humo humo. Kwa nyumba ambayo haina dari kabisa, bati tupu, sidhani kama hiyo ni hasara ya kumnyima mtu usingizi.

Kwa mpira ndo kuna mjadala, maana mpira haukai kwenye fleshi. Hapa njia ni TV: TV nyingi zina tundu la optikali la kutolea sauti, na kuna saundi kadi za USB za chaneli nane zenye chipu ya CM6206, zile boksi ndogo zenye matundu mengi, ambazo zina tundu la optikali la kupokelea. Optikali inapitisha sterio ya kawaida au 5.1 iliyobanwa, haiwezi 5.1 isiyobanwa. Iweke TV itoe sterio ya PCM, yani isiyobanwa, usijitese na 5.1 ya king'amuzi, kelele za uwanjani ukizichanganya vizuri kutoka sterio zinatosha sana. Faida nyingine ya optikali ambayo watu hawaisemi ni kwamba ndani ya waya ni mwanga, hakuna shaba, kwahiyo umeme wa TV na umeme wa kompyuta hawaonani. Nitarudi kwenye hilo kwa sababu ni kubwa.

Mlango wa kutokea. Hapa watu wanaumia kwa kununua kabla ya kugeuza mashine wakaangalia mgongo. Hizi CPU za ofisini, Dell OptiPlex na ndugu zake, nyingi zina tundu moja tu la spika, sterio, maana nani alihitaji spika sita za kuchapia barua. Chaneli sita zinataka matundu matatu: la kijani ni mbele kushoto na kulia, jeusi ni nyuma, la rangi ya chungwa ni katikati na besi. Ukipata madabodi ya mashine ya kuunga, zile za wachezaji gemu, mara nyingi yana rangi zote hizo na chipu ya Realtek inatoa chaneli nane bila kuongeza chochote. Ukiwa na mashine ya ofisi unaongeza kadi, iwe ya USB kama hiyo niliyoitaja au ya kuchomeka ndani kama Xonar DX au zile Sound Blaster Audigy za zamani, ila angalia kwanza kama kava ni nyembamba, kadi ndefu haiingii. Kama unayo resiva mbovu ya kusoma Dolby lakini HDMI yake nzima, toa sauti kwa HDMI ikiwa tayari imeshafunguliwa, HDMI inabeba chaneli nane za PCM tangu toleo lake la kwanza la 2002, resiva itafanya kazi ya ampu tu.

Kitu kimoja usifanye, na naona kinashauriwa kila siku: kuunganisha kadi mbili tatu za sterio za bei chee ili upate chaneli sita. Kila kadi ina saa yake ya kioo ndani inayohesabu zile namba 48,000 kwa sekunde, na hakuna saa mbili zinazofanana. Tofauti ya sehemu 100 kwa milioni, ambayo kwa vifaa vya bei rahisi siyo ya kushangaza, ni namba karibu 5 kila sekunde. Kwa muvi ya saa mbili inakuwa imefika zaidi ya nusu sekunde kati ya spika za mbele na za nyuma. Kabla hujafika huko utakuwa umeshasikia "tak, tak" kila baada ya dakika kadhaa, hiyo ni bafa, yani akiba ya namba zinazosubiri kupigwa, inaishiwa au inafurika. Zipo programu za kusahihisha hilo, CamillaDSP kwenye Linux inaweza, lakini kwanini ujipe kazi ambayo kadi moja ingekuondolea?

Kwa upande wa programu nitapita haraka. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, ya bure, ambayo inakaa katikati ya karibu kila sauti inayotoka kwenye mashine, na maelekezo yake unayaandika kwenye faili la maandishi ya kawaida. Kwenye Linux ni hiyo CamillaDSP, ina nguvu zaidi na haisumbui ukishaielewa, lakini kama hujawahi kugusa Linux usianzie hapa. Kwenye Windows kumbuka vitu viwili: kadi iwekwe kwenye 5.1 kwenye mipangilio ya sauti, na kwenye programu ya kuchezea muvi uzime ule mpangilio wa kupitisha sauti bila kuifungua, la sivyo Equalizer APO haiguswi kabisa na wewe utakaa unabadilisha namba hakuna kinachosikika.

Sasa hili la muvi zetu. Tuseme ukweli, muvi nyingi zinazotazamwa mabandani na majumbani huku ni zile zilizotafsiriwa, DJ anaongea juu yake, na zikishapita kwa DJ kwa kawaida zinatoka sterio. Maana yake 5.1 uliyoitolea jasho haipo kwenye faili. Spika ya katikati itakaa kimya na za nyuma zitakaa kimya, na wageni watakuuliza hizo zingine mbovu? Ujanja wa kuzipa kazi ni wa siku nyingi, Dolby waliuleta majumbani mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround na 1987 wakauboresha ukawa Pro Logic: kitu kilichopo sawasawa kushoto na kulia kipeleke katikati, kinachotofautiana kati ya kushoto na kulia kipeleke nyuma. Sauti ya DJ imerekodiwa kwa maiki moja, ipo sawa pande zote, kwahiyo ukijumlisha kushoto na kulia anakaa katikati ya skrini pale pale, na ukitoa kimoja kwa kingine anapotea kabisa, kwahiyo spika za nyuma zinabaki na muziki na mvua na magari bila DJ. Kwenye Equalizer APO sehemu ya katikati ni mstari mmoja tu:

Copy: C=0.5*L+0.5*R

Ile ya nyuma ni mstari kama huo ila R inapewa alama ya kutoa. Ukiacha hivyo hivyo katikati itakuwa na nguvu kupita kiasi kwa sababu DJ bado yupo pia kushoto na kulia, ishushe desibeli 3 au 4 usikilize. Za nyuma zicheleweshe milisekunde 15 mpaka 20 hivi zaidi ya kawaida, sikio litaamini sauti imetoka mbele na nyuma ni mazingira tu. Siyo Pro Logic kamili, ile ilikuwa inafuatilia sauti na kuisukuma kila inapohama, ila kwa mstari mmoja wa kutaipu unataka nini tena.

Besi. Vispika vidogo vinavyokuja na sabufa zetu, vyenye koni ya nchi tatu, haviwezi kutoa Hz 60 hata uviombe vipi, na ukivilazimisha vinapasuka sauti katikati ya maongezi. Kwahiyo chini ya kiwango fulani unakata na kuipeleka kwenye wufa kubwa. Kwa spika za wastani watu wengi wanakata kwenye Hz 80, ndo kiwango ambacho THX, watu wa viwango vya sauti za sinema, walikishikilia, lakini kwa vispika vidogo kata 120 na usione aibu. Halafu kuna hili ambalo linawapoteza wengi: chaneli ya milipuko kwenye muvi imerekodiwa makusudi ikiwa chini kwa desibeli 10, na resiva inajua kuirudisha juu yenyewe. Kompyuta inaweza isifanye hivyo. Ukisikia besi ya muziki ipo sawa lakini mabomu kwenye muvi yanapiga kama mtu anagonga boksi la korosho tupu, ndo hapo, ongeza hizo 10 kwenye chaneli hiyo peke yake, na ili isifurike shusha kila kitu kwanza. Kwenye faili la Equalizer APO mstari wa Preamp uuweke kwenye hasi 10 au zaidi halafu ukali utautafuta kwenye ampu. Kadi yako ikiwa ya biti 24 kushusha hivyo hakuumizi, kila desibeli 6 ni biti moja tu. Kwenye biti 16 kama ile CM6206 nayo utavumilia, ila usishushe 40 kisha ukalalamika inachuja.

Kuchelewesha ni hesabu ya darasa la saba. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inakimbia karibu mita 349 kwa sekunde, yani mita moja inakula milisekunde 2.9. Chukua futi ya fundi seremala, pima kutoka pale kichwa kinapokaa kwenye kochi mpaka kila spika. Kama spika ya mbali ipo mita 2.8 na ya nyuma ipo mita 1.4, ile ya karibu unaichelewesha milisekunde 4. Kwenye faili ni "Delay: 4 ms" chini ya chaneli yake, kwisha. Wufa usiiamini futi, ndani yake kuna krosova, yani kigawa masafa, na filta zinazochelewesha sauti zaidi ya umbali unavyoonyesha, hiyo ipimwe kwa maiki.

Na tukifika kwenye maiki tumefika kwenye chumba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo kompyuta inaizidi resiva ya bei ya kati. Vyumba vyetu vingi ni tofali, lipu ya saruji, sakafu ya saruji au taizi, dirisha la vioo, na kama kuna jipsamu darini inatetemeka. Sauti haifi humo ndani, inazunguka tu. Masafa ya juu unaweza kuyatuliza kwa pazia zito, makochi ya vitambaa, zulia, hata mkeka unasaidia kidogo, lakini besi haijali pazia. Besi inajali vipimo vya ukuta: gawanya 349 kwa mara mbili ya urefu wa chumba na unapata noti ambayo chumba chenyewe kinapenda kuiimba. Sebule ya mita 4 inaimba karibu Hz 44. Chumba cha mraba ndo kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinaimba noti moja kwa pamoja, na vyumba vya mraba tumejenga vingi. Mita 3.5 kwa 3.5 inaangukia karibu kabisa na Hz 50, ambayo ni Hz ya umeme wetu wa ukutani, kwahiyo mngurumo wowote mdogo wa umeme ukiingia kwenye waya chumba kinaupokea na kuupigia debe.

Programu ya kupimia ni Room EQ Wizard, bure, na maiki ambayo wengi wanaitumia ni UMIK-1 ya miniDSP kwa sababu inakuja na faili lake la usahihi. Kama huna, maiki ya simu itakusaidia kulinganisha ukali wa spika moja na nyingine, lakini usiiamini kwenye besi, simu nyingi zinakata besi makusudi. Unapiga sauti ya kupanda kutoka Hz 15 mpaka 20,000, mchoro unatokea, na kwenye chumba cha mraba utaona mlima umesimama pale kwenye 50. Unaukata kwa filta moja nyembamba:

Filter: ON PK Fc 50 Hz Gain -8 dB Q 5

Namba zako zitatofautiana. Piga tena, mlima umelala. Usiku wa kwanza utaona besi imepungua na utataka kurudisha, vumilia siku mbili, utaanza kusikia gita la besi lina noti tofauti tofauti badala ya "vuuu" moja ndefu. Ila mashimo usiyajaze. Mchoro ukionyesha shimo kubwa kwenye Hz 70, hapo mawimbi yanauana yenyewe yakikutana, ukiongeza desibeli 10 unadai nguvu mara 10 kutoka kwenye ampu na shimo linabaki pale pale maana na kile kinachouana nacho kimeongezeka. Sogeza wufa au sogeza kochi, hata nusu mita. Na zile filta ndefu za pointi 65,536 nilizozitaja mwanzo, zikitengenezwa kwa mtindo wa kuweka awamu sawa, yani masafa yote yacheleweshwe sawasawa, zinachelewesha sauti sekunde 0.68. Kwenye muvi programu inaweza kusubirisha picha, kwenye mpira kutoka kwenye TV hauwezi, goli litaingia watu majirani wanashangilia na wewe unasikia kipenga. Kwa mpira tumia filta fupi za kawaida kama hiyo hapo juu, hazichelewi kwa kiasi cha kuonekana.

Sasa umeme, nilisema nitarudi. Ushawahi kugusa kava la CPU ukiwa pekupeku ikakutekenya? Watu wanasema mashine ina shoti, wanaitupa. Mara nyingi siyo mbovu. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye kava na nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye kava, na zinategemea waya wa ethi upo. Ethi isipokuwepo, kava linaning'inia katikati, karibu nusu ya volti 230, yani 115 hivi. Mkondo ni mdogo, unatekenya tu, lakini ukichomeka waya wa sauti kwenye ampu huku vyote vimewaka, hiyo nusu inapita kwenye pini ya sauti kabla ya kitu kingine, na matundu ya saundi kadi yanakufa hivyo. Na hata yasipokufa unapata mngurumo.

Nyumba nyingi soketi zina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna kitu, au fimbo ya ethi ilipigwa futi mbili kwenye mchanga. Mchanga wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri, fimbo inatakiwa izame mpaka kwenye unyevu, na fundi umeme awe na mita ya kupimia siyo kukuambia tu "ipo hiyo". Mambo ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, kwenye mfumo huu acha. Na usikate pini ya ethi kunyamazisha mngurumo, unanyamaza kweli ila umehamisha tatizo kwenda kwenye mwili wa mtu. Anza kwa kuchomeka kompyuta, ampu na TV kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukiendelea, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi usikilize: ukinyamaza hapo hapo, basi dishi lako la nje lina njia yake ya kwenda ardhini na nyaya zako za sauti zimekuwa daraja. Hapo ndo optikali inalipa, maana mwanga hauna ethi.

Ampu za chaneli sita hazihitaji makala nzima. Sabufa za 5.1 za zamani zenye matundu sita nyuma zinafaa kabisa, hata redio yake ikiwa imekufa. Ukitaka kuunga, vibodi vya ampu vyenye chipu ya TPA3116, viwili viwili, vinafanya kazi nzuri kwa chaja ya laptopu ya volti 19, kwenye spika ya om 4 unapata kama wati 40 za juu kabisa, ukitumia volti 12 hazifiki 20. Usizivute kutoka kwenye pawa saplai ya kompyuta yenyewe, kila ukisogeza mausi utaisikia kwenye spika. Na kwa walioko Shangani hapa Mtwara na kandokando ya bahari, chumvi inakula pini za jeki, zinaota kijani na chaneli moja inaanza kukatika katika, chomoa na kuchomeka mara moja moja na uzifute kwa spiriti kabla hujaanza kulaumu programu.

Mwisho ni mpangilio wa kuwasha. Kompyuta inapowaka saundi kadi inatoa "pop" kwenye kila tundu, na ampu ikiwa tayari imewaka spika zinapokea hiyo yote. Kompyuta kwanza, ampu mwisho, na kuzima ni kinyume chake. Sasa umeme ukikatika na kurudi vyote vinawaka kwa pamoja, kwahiyo ingia BIOS uweke mashine isijiwashe umeme ukirudi, na ampu zikae kwenye swichi yake ya ukutani ambayo mtu akisikia umeme umekatika anaizima kwa mkono, awe ni wewe au mtoto aliyekaa karibu.